Ugonjwa Ulianza Lini?

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo ambalo aghalabu hunong'onwa jikoni na kunyamaziwa sebuleni. Ni maradhi ya sonona. Kwetu Tanzania hilo ndilo jina linalotumiwa na madaktari. Ndugu zetu wa Kenya wengi husema mfadhaiko au unyogovu. Hatukusudii kueleza kila kitu kuhusu maradhi hayo, kwa kuwa vijikaratasi vya zahanati vinajitosheleza. Tunakusudia swali moja ambalo kila daktari huliuliza, na ambalo jamaa wa nyumba moja hulijibu kila mtu kwa lake: ugonjwa ulianza lini?

Haya tunayoyaandika yametupata wenyewe. Tumezaliwa wanne, wenyeji wa Tanga, na sote tunaishi mashariki ya London. Aliyeugua ni dada yetu mkubwa, mama wa watoto watatu, mfanyakazi wa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Sisi watatu waliobaki ndio tunaoandika. Dada ameyasoma maandishi haya kabla ya kupigwa chapa, akaondoa sentensi mbili, akaongeza moja, kisha akatupa idhini. Jina lake linabaki kwetu.

Matibabu yalipokwisha kuanza, daktari alitualika jamaa wote tukae naye, na Mama akashiriki kwa simu kutoka Tanga. Daktari akauliza swali lile. Yakatoka majibu matano, na hakuna mawili yaliyolingana.

Shemeji yetu alisema ugonjwa ulianza mwisho wa Oktoba, saa ziliporudishwa nyuma. Tangu siku hizo, mkewe akirudi kazini alikuwa akijilaza kwenye kochi na koti lake mwilini, wala hapandi chumbani. Shemeji alilihesabu jambo hilo kuwa ni la baridi na giza, na rai yake haikuwa ya ovyo. Mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na tangu miaka ya 1980 madaktari wanaitambua sonona inayofuata majira. Lakini Februari ilifika, mchana ukaanza kurefuka, na koti halikuvuliwa.

Binti yake mkubwa, mwenye miaka 14, alisema Septemba, shule zilipofunguliwa. Kabla ya hapo mama yake alikuwa haachi kuuliza: umetoka wapi, ulikuwa na nani, daftari liko wapi. Ghafla maswali yakakoma. Mtoto aliona kuwa amekuwa mtu mzima na mama yake sasa anamwamini. Alitueleza hayo kwa sauti ndogo, na daktari akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeleta ushahidi mzuri kuliko wote, kwani ameeleza kitu kilichokuwapo ambacho sasa hakipo.

Sisi ndugu tulitaja Januari, mwezi wa harusi ya binamu yetu kule Leicester. Dada ndiye aliyezoea kuwatangulia wanawake wote jikoni. Safari hii alituma mchango wake kwa njia ya benki, wala hakuja, wala hakupiga simu ya udhuru. Msomaji anajua kwamba kwetu kutohudhuria harusi ni maneno bila ya sauti. Kwa hiyo ukoo mzima ulianza kuulizana ni nani aliyemuudhi, na wazee wawili wakajitolea kwenda kusuluhisha ugomvi ambao haukuwapo.

Mama alisema Juni. Hapana budi tueleze yaliyotangulia. Baba yetu alifariki mwezi wa Mei. Sisi watatu tulisafiri. Dada hakuweza, kwa sababu ombi lake la ukaazi lilikuwa bado linaangaliwa, na mtu akitoka nchini katika hali hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ameliondoa ombi lake mwenyewe. Akayatazama mazishi ya baba yake katika kioo cha simu, akiwa amesimama kwenye ukumbi wa kazini, kwa kuwa hakupata wa kumshikia zamu. Mama alituambia kwamba siku ya arobaini alimsikia Dada hana kilio wala hana maneno. Zamani akipiga simu alikuwa akiuliza habari za watu kumi kwa majina yao, mpaka jirani wa mtaa wa pili na mwembe wake. Tangu Juni alikuwa akisema, "Hamjambo nyote?" kisha ananyamaza akingoja simu ikatwe. Mama yuko zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapa, hakuwa na la kuona, alikuwa na sauti tu. Na tarehe yake ilikuwa ya mapema kuliko ya yeyote kati yetu tulio karibu.

Wa mwisho kujibu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Alisema, "Mimi sikuona kitu kilichoanza."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tulipokuwa tukisubiri tarehe ya tano, yeye alikuwa hana tarehe kabisa. Kwa kuulizwa taratibu alieleza kwamba mwezi wa Julai usingizi wake ulikatika. Alikuwa akirudi kazini saa 2 asubuhi na kulala saa 3, na saa 5 macho yamefunguka, na hayafumbiki tena. Chai ikawa kama maji ya moto yaliyotiwa rangi. Lakini hayo aliyaweka katika hesabu ya kazi za usiku, kama wafanyavyo wengi wetu tunaokesha. Kisha yakaja mawazo: kwamba ni mtoto asiyemzika baba yake, kwamba ni mama asiye na faida kwa wanawe, kwamba watu wanamvumilia tu. Akatuambia, nasi tunanukuu kwa idhini yake: "Hayakunijia kama maradhi. Yalinijia kama ukweli niliochelewa kuujua."

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya sonona na maradhi mengine tuliyoyazoea. Malaria ikimwingia mtu, mwenyewe ndiye wa kwanza kusema, "Leo mwili wangu si wangu." Sonona huanza kwa kukamata kile kile chombo ambacho mtu angekitumia kuitambua. Anayeugua haoni kwamba amebadilika. Anaona kwamba dunia imejifunua, na yeye amejijua alivyo. Kwa hiyo hatafuti tiba, kwani nani huenda hospitali kutibiwa ukweli? Na jamaa zake nao hawaoni ugonjwa. Wao huona mwenendo: kulala, kususa, kunyamaza, kusahau. Mwenendo kwetu hupewa hukumu, haupewi dawa. Basi mgonjwa anasema, "Mimi ni mbaya," na jamaa wanasema, "Amekuwa mbaya," na pande zote mbili zikaafikiana juu ya jambo lisilo kweli.

Madaktari wana kanuni yao. Huorodhesha dalili tisa: moyo kuwa mzito, kukosa ladha ya mambo yaliyokuwa yakipendeza, usingizi kupungua au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kujiona hufai au una hatia, fikra kutotulia, mwili na maneno kwenda polepole mno, au kinyume chake mtu kutotulia hata kidogo, na kufikiria kifo. Zikipatikana tano au zaidi, mojawapo ikiwa ni moja ya zile mbili za mwanzo, na zikadumu karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, na zikamharibia mtu maisha yake, hapo hutajwa sonona. Tulipoisoma orodha hiyo tulitambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshika kipande chake. Shemeji alikuwa na uchovu. Binti alikuwa na kukosa hamu ya mambo. Mama alikuwa na maneno yaliyopungua. Dada alikuwa na usingizi na hatia. Tano zilikuwa zimekwisha kutimia katika familia moja, ila hazikuwa zimekaa meza moja.

Iko sababu nyingine inayotuchelewesha, nayo ni lugha. Mwezi wa Agosti Dada alikwenda kwa daktari wa mtaa. Kiingereza cha kazi anacho, lakini maumivu yake huyasema kwa Kiswahili, basi mwanawe wa miaka 12 akawa mkalimani. Alisema, "Moyo unaniuma, na kichwa kinawaka moto." Mtoto akatafsiri kila neno kwa uaminifu. Akapimwa mapigo ya moyo kwa mashine, akapimwa damu na tezi ya shingo, vyote vikaonekana salama, akarudishwa nyumbani na habari njema. Mashine haikudanganya, ilijibu swali iliyoulizwa. Nasi hatusemi vipimo hivyo ni bure, kwa kuwa upungufu wa damu na maradhi ya tezi huweza kuleta uchovu unaofanana kabisa na sonona. Tunalosema ni kwamba katika lugha yetu moyo ni makazi ya huzuni kabla ya kuwa pampu ya damu, na mtoto wa miaka 12 hawezi kubeba mizigo hiyo miwili kwa safari moja. Huduma ya afya ya Uingereza hutoa mkalimani bila ya malipo. Muombeni wakati wa kuweka miadi, na mwambieni mkalimani huyo kwamba "moyo" mnaousema ni wa namna gani.

Wala si Waswahili peke yetu tunaosema hivi. Nchini Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, nalo ndilo ambalo wagonjwa wao hulitaja mahali ambapo daktari angeandika sonona. Vikram Patel na wenzake waliandika habari zake katika miaka ya 1990. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza Harare mpango wa kuwafundisha wanawake wazee wa mitaani kukaa katika benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kuwaza sana, kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa, yakaonyesha kwamba waliokaa na wazee hao walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Mfano huo umefika Malawi na Zanzibar. Basi neno letu la kila siku, "mawazo," si neno la kupuuzwa. Mtu akisema, "Nina mawazo," amekwisha kupiga hodi.

Katika kipindi cha harusi zilitajwa sababu nyingine pia. Shangazi mmoja alisema ni jicho. Mwingine alisema ni jini. Kikafanywa kisomo, na Dada anasema kisomo kile kilimfariji, kwani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi watu kukaa pamoja naye bila ya kumlaumu. Sheikh aliyesoma naye alitamka waziwazi kwamba dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Na kwa wale wanaodhani kwamba sonona ni maradhi ya Kizungu yaliyozuliwa juzi, tunawakumbusha habari za Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi, na ndani yake akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu yake, akaeleza kwamba hii ya pili asili yake imo mwilini na huhitaji tiba ya mwili. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Daktari alipokwisha kuyasikia majibu yetu, alirudi kwenye jibu la Mama. Alitueleza juu ya George Brown na Tirril Harris, ambao waliwachunguza wanawake wa Camberwell, kusini ya mji huu huu wa London, wakatoa kitabu mwaka 1978. Waligundua kwamba wengi wa wanawake walioshikwa na sonona walikuwa wamepatwa na tukio zito, hasa la kupoteza, katika miezi iliyotangulia, au walikuwa katika shida ya muda mrefu. Tena waligundua kwamba kuwa na mtu wa karibu wa kumwambia siri kulikuwa kinga, na kwamba kuwa na watoto wadogo watatu au zaidi nyumbani kulizidisha hatari. Tulimtazama Dada, kila mmoja akimhesabia kimoyomoyo. Kifo cha baba tulikuwa tukikijua sote, tukakililia sote. Lakini sisi tulimwaga mchanga kaburini, tukapokea mikono ya watu, tukarudi. Yeye alirudi kwenye zamu. Msiba wake haukupata pa kumalizikia, na miezi miwili baadaye usingizi ukakatika.

Sasa tuseme jambo zito, ambalo Dada mwenyewe ametutaka tulitie. Mwezi wa Februari alimpa binti yake bangili mbili za dhahabu alizorithi kwa bibi, akamwambia, "Vaa wewe, mimi sizihitaji tena." Mtoto akafurahi, akatutumia picha. Mmoja wetu aliiona picha ile, akavaa viatu, akaenda. Alimuuliza Dada kwa maneno yaliyo wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti haujaonyesha hivyo. Kuuliza hakuleti wazo hilo, na mara nyingi kunamtua mtu mzigo. Dada alikaa kimya kitambo, kisha akajibu, "Nguvu za kufanya sina. Ila nikilala nisiamke, nitashukuru." Usiku ule ule tulipiga 111, tukachagua namba 2, na asubuhi alikuwa mbele ya watu wanaoijua kazi yao.

Mtu mwenye sonona akianza kugawa vitu vyake vya thamani, kulipa vijideni vya zamani, kuaga bila ya safari, au kusema kwamba yeye ni mzigo, msingoje kikao cha ukoo. Muulizeni siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake.

Dada anaendelea na matibabu. Alianza kwa vidonge, na alionywa mapema kwamba havifanyi kazi kama vya maumivu ya kichwa: aghalabu huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na mtu akipona huendelea navyo kwa kiasi cha miezi 6 au zaidi, wala haviachi kwa ghafla bila ya shauri la daktari. Pamoja na vidonge ana mazungumzo ya kila wiki na mtaalamu, kwa msaada wa mkalimani mtu mzima. Hajarudi zamu za usiku. Anafanya mchana, siku tatu kwa wiki. Kuna siku njema na siku nzito. Wiki iliyopita alimpigia Mama akaulizia mwembe wa jirani, na Mama akatupigia sote watatu kutuarifu, mmoja baada ya mwingine.

Sonona ina tabia ya kurejea kwa watu wengi, kwa hiyo tumewekeana mapatano. Dada ameandika kwa mkono wake karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jokofu, yenye dalili za mwanzo alizozijua kwa nyuma: kuamka saa 5, chai kukosa ladha, kutouliza habari za watu. Kila mmoja wetu ana kazi yake. Shemeji anaangalia usingizi. Binti ana ruhusa ya kusema, "Mama, hujaniuliza kitu leo," wala asionekane mtovu wa adabu. Mama anasikiliza sauti. Yeyote atakayeona, atasema alichokiona, wala hatatoa hukumu. "Umeacha kula nasi" ni habari. "Umekuwa na kiburi" ni hukumu, na mgonjwa anazo hukumu za kutosha alizojipa mwenyewe.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa tumezika kwa simu, tunalala mchana, na tunawategemea watoto kutusemea. Fanyeni kama tulivyofanya: kaeni, na kila mmoja ataje tarehe yake, wala tarehe ya mtu isidharauliwe kwa kuwa ni mtoto au yuko mbali. Ile ya mapema kuliko zote ndiyo ya kupelekwa kwa daktari. Na mgonjwa akisema kwamba yeye haoni kilichoanza, aaminiwe pia.

Kwa wanaoishi Uingereza: simu ya Samaritans ni 116 123, nayo iko wazi usiku na mchana bila ya malipo. Kwa dharura ya nafsi, ukiwa England, piga 111 na uchague namba 2. Maisha yakiwa hatarini piga 999. Aidha, kwa upande wa England mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe katika huduma ya NHS Talking Therapies bila ya kupitia kwa daktari wake. Ndugu walio Muscat, Dubai au Marekani waulize namba za huko waliko, waziandike mahali zinapoonekana, kabla ya kuzihitaji.

Tunawatakia afya ya mwili na ya moyo, ule moyo mwingine. Tukutane katika toleo lijalo.